Loisi na Dawa ya Uvimbe

Pale Ivuna, kwenye mbuga ya chumvi, hakuna aliyekuwa na ulimi kama wa Loisi. Wengine walipima maji ya chumvi kwa kuyatazama rangi, wengine kwa kutumbukiza yai waone kama litaelea. Loisi alichovya kidole, akakiramba, akafumba jicho moja, kisha akatoa hukumu: "Haya bado, yarudisheni," au "Haya yameiva, yapelekeni motoni." Hakukosea. Naye alijua hakosei, ndiyo maana alikuwa mwanamke wa kuvumiliwa kidogo, kwa kuwa mtu asiyekosea huwachosha wenzake hata akiwa na moyo mzuri. Moyo mzuri alikuwa nao, wala hilo hakuna aliyelibishia.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Kiangazi kikishakausha mbuga, wanawake hukwangua udongo wa juu wenye ukoko mweupe, wakautia kwenye matenga yaliyotandikwa nyasi, wakamwagia maji. Yanayodondoka chini ndiyo maji ya chumvi. Hayo huchemshwa kwenye makarai mapana mpaka maji yaishe na chumvi ibaki, huku mpishi ameinama, moto usoni, jua mgongoni, na nyayo kwenye tope. Kichaka cha kujisitiri kiko mbali, kwa hiyo wanawake wa makaraini walikuwa na ujanja wao: hawanywi maji mpaka jioni. Asiyekunywa haendi kichakani, na asiyekwenda kichakani haunguzi chumvi.

Loisi hakuzaliwa kwenye mambo hayo. Aliletwa kama bibi harusi kutoka milima ya Ileje, kwenye baridi na migomba, akatuliwa kwenye joto la bonde la Rukwa akiwa hajui hata kuwasha moto wa kuni mbichi. Mumewe, Yesaya, alikuwa mfugaji. Aliyemfundisha chumvi ni mama mkwe wake, Bibi Roda, aliyekuwa mkuu wa kundi la wanawake wa makaraini. Yesaya alipofariki, ndugu wa Ileje walikuja kumchukua Loisi. Alikataa. Aliwaambia huko milimani atakuwa mjane wa kulishwa, lakini hapa ana jiko lake. Wakarudi peke yao, wakisema mbugani kumemroga.

Sasa, katika kundi lile la Bibi Roda palikuwa na neno moja lililoogopwa sana, nalo ni kukataliwa. Waliamini kuwa chumvi humchagua mtu wake. Anayependwa nayo atasimama topeni mpaka uzee asipate hata ukurutu. Anayekataliwa, chumvi humwingia kwa nyayo, ikapanda taratibu, na miguu ikavimba. Bibi Roda ndiye aliyekagua. Alibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa mtu, akakiondoa, akatazama. Pakibaki kishimo, basi. Mwenye mguu huo hufunika karai lake chini juu, akaenda nyumbani, na hakuna anayeruhusiwa kumcheka wala kulitumia karai lile. Kimsingi ilikuwa ni huruma, kumwondoa mtu kabla chumvi haijafika moyoni. Lakini aliyewahi kufunika karai atakwambia kwamba huruma nayo inauma.

Mgongo wa Loisi ulianza kugoma miaka michache iliyopita. Kwanza uliuma jioni, kisha ukawa unauma hata asubuhi kabla hajafanya lolote, na magoti nayo yakajiunga kwenye mgomo. Ndipo akaingia Raphaeli.

Raphaeli alikuwa mnunuzi wa chumvi kutoka Tunduma, mtu wa maneno mengi, kila asichokijua anakijua. Lori lake dogo lilipokuja kupakia lilileta vitu vya kuagizwa: sabuni, betri, ndala, na vidonge vya kutoka mpakani. Pakiti za vidonge hivyo alizikatakata kwa mkasi ili kila mama apate kidogo, na majina yakabaki kwenye vipande vilivyotupwa.

"Hii ni dawa ya maumivu na uvimbe, mama," alimwambia Loisi. "Hiki kidogo cha manjano kinatuliza. Hiki cha waridi kinamalizia."

Nani aliyemwambia kwamba kimoja kinatuliza na kingine kinamalizia, hata yeye hakumbuki. Lakini mgongo ulinyamaza kweli. Loisi aliinama siku nzima, akainuka jioni bila kusikia kitu, akamwombea Raphaeli baraka kanisani kwa jina. Tangu hapo vidonge vikahamia kwenye pindo la kitenge chake. Asubuhi alimeza cha manjano na cha waridi kwa chai kavu, maana uji alikuwa haupendi kabla ya kazi, na mchana akaongeza mgongo ukinong'ona. Tumbo lilianza kumwaka moto, akalitulizia kwa kutafuna udongo wa kichuguu.

Na kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, aligawa. Kuombana dawa kwao kulikuwa sawa na kuombana moto: huwezi kumnyima jirani. Aliyempa zaidi ya wote ni Tumpale, dada wa marehemu Yesaya, binti pekee wa Bibi Roda. Majiko yao yalikuwa yamekaribiana kiasi kwamba walipeana chumvi kwa upawa bila kunyanyua mguu. Tumpale alikuwa mdogo kwa umri, mcheshi, anayeimba kwa sauti mbaya bila haya. Alipolalamika kiuno tu, Loisi alifungua pindo.

"Meza, wifi. Asubuhi na jioni. Usisubiri mpaka kikukamate."

Mwanzoni mwa msimu huu, miguu ya Tumpale ikavimba.

Bibi Roda aliambiwa na watu, maana Tumpale mwenyewe hakuwa na ujasiri wa kumwambia mama yake. Alikuja polepole na fimbo yake, akamkalisha binti yake kwenye gogo, akabonyeza. Kishimo kikabaki, kirefu kama alama ya kidole kwenye ugali wa moto. Wanawake wote walikuwa wamesimama. Bibi Roda alibonyeza mguu wa pili, pengine akitumaini huo utasema vingine. Ukasema vilevile.

"Mwanangu," alisema, "chumvi imekukataa."

Tumpale alimtazama Loisi. Yaani katika watu wote waliokuwepo, alimtazama wifi yake, kama anayesema, wewe mwenye ulimi usiokosea, sema neno. Loisi alitazama chini. Alikuwa anaamini. Akamsaidia Tumpale kufunika karai, akamsindikiza hadi nyumbani, akalia naye, na alipoondoka akamwachia vidonge vya kutosha, ili asiteseke.

Kilichofuata kiliwathibitishia wote. Tumpale alikaa nyumbani akipukuchua mahindi na kufuga kuku, na haukupita muda miguu ikaanza kupungua. Ikarudi kama ya zamani. "Mnaona?" wanawake wakasema. "Ametoka kwenye chumvi, amepona." Ushahidi gani tena unautaka? Hata wewe ungeamini. Jiko lake likakabidhiwa Loisi, akawa na mioto miwili na kazi mara mbili. Kwa hiyo mgongo nao ukauma mara mbili, na vidonge vikaongezeka.

Halafu, siku moja akivaa ndala, Loisi aliona mikanda imebana.

Alijibonyeza mwenyewe, akiwa peke yake ndani. Alikiona kishimo. Alikaa kitandani muda mrefu akikitazama kikijaa polepole, na woga alioupata hapo hakuwa ameupata hata siku ya kumzika Yesaya. Siku ile alikuwa bado na pa kwenda kesho yake. Bila jiko, yeye ni nani hapa? Mgeni wa Ileje aliyezeekea kwenye nchi ya watu.

Basi akafanya ambalo wengi wetu tungefanya. Akaficha. Alichukua mabuti ya mpira ya marehemu mumewe, akaanza kuyavaa kazini, katika joto lile la kukausha mate. Wenzake walimtania wakasema Loisi amekuwa bwana shamba. Akacheka nao. Na kwa kuwa Raphaeli alishasema dawa ile ni ya maumivu na uvimbe, na huu si ndio uvimbe, akaongeza vya manjano, akaongeza vya waridi. Kadiri alivyomeza ndivyo miguu ilivyojaa, na kadiri ilivyojaa ndivyo alivyomeza. Mkojo ukawa kidogo na mweusi kama chai iliyokolea. Yeye akaona ni nafuu, safari za kichakani zimekwisha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Loisi aliumbuliwa na mabuti. Mchana mmoja wa Jumamosi alirudi nyumbani, akaketi kizingitini kuyavua, yakagoma. Alivuta, akapaka sabuni, akavuta tena. Mwishowe alichukua kisu cha jikoni akaanza kulichana buti la mume wake, huku akimwomba marehemu radhi. Hapo ndipo Raphaeli alipotokea, amekuja kuuliza magunia, akamkuta mama wa watu ana kisu mkononi, uso umevimba hadi macho yamekuwa mistari.

"Niletee zenye nguvu zaidi," Loisi alimwambia kabla hata hajamsalimu. "Hizi zimeishiwa makali."

Raphaeli alimtazama uso, akatazama miguu iliyotoka kwenye buti kama unga uliofura, na ujuzi wake wote ukamtoka. "Mama," alisema, "mimi ni muuza chumvi tu." Akamwinua, akampandisha kwenye lori, akamkimbiza Kamsamba kwenye kituo cha afya. Njiani Loisi alimwapisha asimwambie mtu yeyote. Raphaeli aliapa. Kiapo hicho hakikufika hata Jumatatu.

Tabibu aliyempokea aliitwa Felista, dada mtulivu mwenye tabia ya kusubiri jibu mpaka lije. Alipima presha, akarudia kupima kana kwamba hakuiamini mashine. Akachukua mkojo na damu, akabonyeza muundi kwa kidole gumba vilevile kama Bibi Roda. Loisi aliposikia kidole kile alifumba macho.

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi si mtu wa kuugua."

"Hata za kienyeji?"

"Hata hizo."

Felista aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Kazi yako ni chumvi. Mgongo hausumbui?"

"Unasumbua, lakini nina vidonge vyake."

"Si nimekuuliza dawa, mama?"

"Dawa ni za mgonjwa," Loisi alisema, akishangaa kwamba msomi halijui hilo. "Hivi ni vya kazi."

Felista alicheka, kicheko kisicho na dharau. "Viko wapi hivyo vya kazi?"

Loisi akafungua pindo. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili, na mara chache msemo umewahi kupata ushahidi wa wazi namna hiyo. Felista alivimwaga vidonge mezani, akavitenga kwa rangi, akasoma herufi zilizobaki pembeni mwa vipande.

"Hiki cha manjano ni diklofenaki," alisema. "Hiki cha waridi ni ibuprofeni, wengine huita brufeni. Rangi tofauti, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Ukivimeza vyote viwili, kimoja hakimalizii kazi ya mwenzake. Umejirundikia kitu kilekile, na madhara yake umeyarundika."

"Lakini ni vya uvimbe."

"Ni kweli. Ukiteguka, au goti likiumuka, vinapunguza. Uvimbe wako si wa namna hiyo. Wako ni maji." Akavuta kiti karibu. "Figo ndizo zinazotoa maji na chumvi mwilini. Wewe unakauka motoni kutwa nzima, hunywi maji, nawajua ninyi wa makaraini, halafu kila siku unameza vitu vinavyopunguza damu inayofika kwenye figo. Zinachoka. Maji yanabaki, yanashuka miguuni, yanapanda usoni, na presha inapanda nayo. Na kama tumbo linakuwaka moto, ni vidonge hivihivi, vinalichubua, hasa vikilikuta tupu. Choo hakijawa cheusi kama lami?"

"Hapana."

"Mshukuru Mungu. Kikiwa hivyo, au ukitapika damu, hakuna kusubiri lori la chumvi. Unakuja siku hiyohiyo, hata kwa kubebwa."

Loisi alivitazama vidonge pale mezani. Alikuwa amevipenda kweli, na sasa alivionea kinyaa. "Kumbe nilikuwa nameza sumu."

"Sumu hapana," Felista alisema. "Hata mimi tumbo la mwezi likinishika huwa nameza kimoja, nikishakula, siku moja au mbili, naacha. Zina watu wake na zina siku zake. Mwenye presha, mwenye figo mbovu, mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito, mtu mzima wa umri wako, hao wote waulize kwanza. Na si za kugawiana kama vitumbua."

Neno hilo la kugawiana lilimpita Loisi wakati ule. Alikuwa na swali moja tu kifuani, akaogopa kuliuliza, akaliuliza.

"Kwa hiyo chumvi haijanikataa?"

Ilibidi amweleze Felista habari za kishimo, na karai, na Bibi Roda. Felista alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, tope la chumvi halipiti kwenye nyayo likakuvimbisha. Hiyo ya kwenye mboga ndiyo nakuomba upunguze."

Loisi alicheka mpaka machozi yakamtoka, ingawa mbavu zilimuuma. Miaka yote ile ya kupika chumvi, leo anaambiwa adui yumo kwenye mchicha.

Walimlaza. Vidonge vikaishia kwenye pipa la taka, akapewa dawa ya presha, akapimwa kila mara, na taratibu mkojo ukarudi, ukawa mwingi na mweupe. Felista alimwambia figo zimesikia, lakini asidhani ni za kuchezea, maana za wengine hazisikii tena. Kwa mgongo akampa parasetamoli, akamwonyesha kiasi cha kutumia na kumwonya asikizidishe, akamfundisha kukanda kwa kitambaa cha moto. "Na hilo jiko," aliongeza, "kwa nini liko chini hivyo? Liinueni. Wekeni mawe." Jambo dogo hilo, hakuna aliyewahi kulifikiria.

Loisi alirudi Ivuna na miguu yake mwenyewe, miembamba, mifupa ikionekana. Bibi Roda alikuwa anamsubiri uani. Habari zote alikuwa nazo, kwa hisani ya Raphaeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana. Kaa." Akabonyeza. Nyama ikarudi pale pale. Uso wa mzee haukufurahi. "Imepungua kwa sababu ulikuwa Kamsamba. Umetoka kwenye chumvi, umepona. Ndivyo ilivyokuwa kwa Tumpale. Nenda ukafunike karai, mama. Nimemwondoa mwanangu wa kumzaa, sitakuacha wewe ufe."

Loisi alikuwa amejiandaa tangu kwenye lori. "Mama, chumvi haikunivimbisha, ni vidonge. Sikuombi uniamini. Nikipewa ruhusa na daktari, nitarudi topeni peku, bila mabuti, bila vidonge vile. Kila Jumapili tukitoka kanisani, bonyeza mguu wangu mbele ya wote. Kishimo kikibaki hata kidogo, nitafunika karai mwenyewe, na nitarudi Ileje."

Neno la Ileje ndilo lililomnyamazisha mzee. Alijua maana yake. "Haya," alisema.

Kazi ilimuuma. Tusidanganyane. Ukiwa umezoea mgongo ulionyamazishwa, ukirudishiwa sauti yake yote unadhani umepewa mgongo wa mtu mwingine. Aliinua jiko kwa mawe mpaka karai likamfika kiunoni, wenzake wakasema anajenga altare. Alibeba dumu la maji akanywa kutwa nzima, na kila alipokwenda kichakani wakamuuliza mimba ni ya nani. "Ya Raphaeli," alijibu, na mbuga nzima ikacheka. Siku nyingine maumivu yalimfanya akae kwenye gogo na kuwaachia wengine wakoroge. Zamani asingekubali kuonekana hivyo. Sasa alikaa.

Jumapili ya kwanza Bibi Roda alibonyeza, nyama ikarudi. Ya pili, ikarudi. Wanawake walianza kusogea karibu zaidi, mmoja akajibonyeza mwenyewe kisirisiri. Mwezi ulipoandama, Loisi alikuwa bado yuko topeni na miundi mikavu. Bibi Roda aliondoa kidole, akakitazama kidole chenyewe, kana kwamba ndicho kilichomdanganya miaka yote.

"Nimeona," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Lakini Tumpale alipona alipotoka kwenye chumvi. Hilo nalo niliona kwa macho yangu."

Hapo ndipo lile neno la Felista lilipomrudia Loisi. Si za kugawiana. Tumpale alikuwa ametoka kwenye chumvi, sawa. Na kitu kingine je, alikuwa ametoka kwenye nini kingine? Loisi alijifunga kitenge vizuri, akaondoka na matope yake miguuni, moja kwa moja hadi kwa Tumpale.

Tumpale alikuwa barazani anamenya karanga, bila kuimba. Loisi hakukumbuka mara ya mwisho alipomsikia akiimba.

"Wifi, karibu. Mbona unahema?"

"Nikuulize. Ulipotoka makaraini, vile vidonge nilivyokuachia, uliendelea kumeza?"

"Vya nini?" Tumpale alishangaa. "Kiuno kiliniuma kwa kuinama. Nikikaa hapa nainamia nini? Niliacha siku ileile." Akasimama, akaingia ndani, akarudi na kifurushi kidogo cha nailoni kilichofungwa kwa fundo kali. "Nilikutunzia. Nilisema nisivimalize bure, wifi ana mgongo, na sasa ana majiko mawili, atavihitaji. Nikawa naona haya kukuletea kule. Watu wangesema nimekuja kulilia karai."

Loisi alikipokea kifurushi. Vya manjano na vya waridi, vyote vimo, vimehesabiwa kwa mapenzi. Akaketi chini palepale kwenye maganda ya karanga.

"Ni mimi," alisema. "Tumpale, chumvi haikukukataa. Ni mimi niliyekulisha hivi, nikakuvimbisha, halafu nikakusaidia kufunika karai, nikachukua jiko lako. Uliniangalia niseme neno, nikatazama chini."

Tumpale alikuwa anatazama nje kuelekea mbugani, ambako moshi wa majiko ulionekana. Machozi yalimtoka bila sauti. "Nilidhani nina laana," alisema. "Kila nikionja mboga nilikuwa nasema, hii nayo inanichukia."

"Nisamehe."

"Ulikuwa unanipenda, wifi. Hilo ndilo linaloniuma, maana sina hata wa kumkasirikia." Halafu akamkasirikia, kidogo, akamtupia konzi ya maganda kichwani, na wote wawili wakalia na kucheka kwa pamoja.

Hawakuwa wamemwona Bibi Roda. Alikuwa amemfuata Loisi kwa fimbo yake, polepole, na sasa amesimama penye nguzo ya baraza, amesikia yote. Mzee yule hakujua kuomba radhi, hakuwahi kujifunza. Alisogea, akajishusha chini kwa shida, akashika mguu wa binti yake, akabonyeza kidole gumba kwenye muundi. Hapakuwa na kishimo. Kidole hakikuondoka. Kikabaki palepale, muda, na kiganja kizima kikafuata, kikauzunguka mguu.

"Mama," Tumpale alisema, "unatafuta nini tena?"

"Sitafuti kitu, mwanangu. Nakushika tu."

Kesho yake Loisi alivirusha vidonge vile kwenye shimo la choo. Karai la Tumpale likafunuliwa, likasuguliwa kutu, na Bibi Roda ndiye aliyeliwashia moto.